Gololi za Usukani

Land Rover ya kwanza ya majaribio, iliyotengenezwa Uingereza mwaka 1947, ilikuwa na usukani katikati. Dereva alikaa katikati ya gari kama mtu aliyepanda trekta. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na Jeep ya Kimarekani iliyobaki baada ya vita, akiitumia shambani kwake katika kisiwa cha Anglesey, Wales. Yeye na kaka yake Spencer, aliyekuwa mkurugenzi wa kampuni, wakaona kwamba mkulima anahitaji gari la namna hiyo, na kwamba likiuzwa nje litaiokoa kampuni. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na madeni, chuma kiligawiwa kwa mgao, na mwenye kiwanda aliyeuza nje ndiye aliyepata sehemu yake. Ndiyo maana bodi la Land Rover likawa la aluminiamu. Ndiyo maana pia ya ule usukani wa katikati: nchi nyingine huendesha kushoto, nyingine kulia, na gari lenye usukani katikati lingeuzwa popote bila kubadilishwa kitu.

Gari lilipooneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, usukani ulikuwa umerudi pembeni kama wa magari mengine. Lakini wazo halikufa, lilijificha chini ya bonneti. Ukifuata njia ya usukani wa Land Rover hizi za zamani utaona inavyozunguka: nguzo ya usukani inashuka hadi kwenye sanduku lenyewe, ambalo mafundi wetu huliita stelingi boksi, ubavuni mwake unatoka mkono wa pitimani, mkono huo unasukuma chuma kirefu kwenda mbele hadi kwenye kifaa kinachoitwa rilei, kilichochomekwa wima ndani ya chasisi, karibu na rejeta, rilei ndiyo inayosukuma chuma kingine hadi kwenye gurudumu, na taidirodi inaliunganisha gurudumu hilo na mwenzake. Kwa kuwa rilei inakaa kwenye chasisi, kiwanda kiliweza kuhamisha sanduku kushoto au kulia na mambo ya mbele yakabaki karibu yaleyale. Gari moja kwa masoko yote.

Gharama ya ujanja huo ililipwa na madereva. Hesabu viungo: viwili kwenye chuma kirefu, viwili kwenye chuma cha pili, viwili kwenye taidirodi. Ni viungo 6, ongeza rilei, ongeza sanduku. Kila kimoja kikilegea kwa unene wa unywele tu, mkononi mwa dereva ulegevu wote unajumlishwa. Wahandisi wa Solihull walilijua hilo na wakaliona si neno kwa gari la shambani. Hawakufikiria kona za Upare.

Myamba iko upande wa mashariki wa Milima ya Upare Kusini, wilaya ya Same. Upande huo ni jambo la kihistoria, si la ramani tu. Reli ya Wajerumani kutoka Tanga, iliyofika Moshi mwaka 1911, ilipita magharibi ya milima: Hedaru, Makanya, Same. Baadaye barabara kuu ya lami ikafuata njia hiyohiyo. Sisi wa mashariki tulibaki na barabara ya vumbi inayopita Kisiwani, Gonja na Ndungu kandokando ya nyika ya Mkomazi, na kutoka hapo kupanda kwako ni shauri lako. Wamisionari walipanda mapema. Waadventista walianza kituo chao cha Giti mwaka 1903, na Walutheri wa Leipzig nao wakajenga Mbaga na Gonja. Walipanda kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani mwa watu. Mwaka 1945, maelfu ya Wapare walipoteremka Same kuipinga kodi ya mbiru, waliteremka kwa miguu vilevile.

Barabara za magari zilizopanda huku baadaye, nyingi zilichimbwa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja ambayo Mpare asiyekwenda huulizwa. Mifereji ya ndiva ilichimbwa hivyo, shule zilijengwa hivyo, na mvua ikichukua kona, kona inarudishwa hivyo. Nazitaja kona kwa sababu barabara iliyochimbwa kwa jembe na sururu haiwezi kuukata mlima. Inauzunguka. Unakata kulia, unakata kushoto, na kabla usukani haujanyooka umeshaanza kukata kulia tena. Upande mmoja ni ukuta wa udongo mwekundu, upande wa pili ni vilele vya migomba ya shamba lililo chini yako.

Gari ninalolizungumzia ni Land Rover 109 ya mlolongo wa pili A, aina iliyotengenezwa kati ya 1961 na 1971. Namba 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma. Baba mkubwa wangu alilinunua mwaka 1974, likiwa limetumika, kutoka shamba la mkonge la tambarare. Mkonge ulikuwa umeanza kuporomoka. Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha takriban tani 230,000, ikiongoza duniani; miaka 10 baadaye kamba za plastiki zilikuwa zimelivunja soko, mashamba mengi yalikuwa mikononi mwa serikali, na magari ya mabwana shamba yaliuzwa. Baba mkubwa alikuwa na akiba ya kahawa. Kwa miaka zaidi ya 40 gari hilo lilibeba kahawa, ndizi, maharage, mabati ya shule, maiti, maharusi, na baadaye tangawizi, zao ambalo leo ndilo linalotembea zaidi kutoka huku. Lilibeba pia wajawazito kwenda hospitali Gonja. Watu wawili wa kijijini wanalitaja gari hilo wanapoulizwa walizaliwa wapi.

Mwaka juzi, wakati wa masika, usukani wake ulianza kuzunguka robo mzima kabla gurudumu halijajibu. Robo mzunguko ni mkono kutoka saa kumi na mbili hadi saa tatu juu ya uso wa saa. Kwenye kona ya Myamba ni umbali wa kati ya barabara na migomba. Gari likaegeshwa chini ya mwembe, na mazungumzo ya ukoo yakaanza. Wanawe walitaka liuzwe. Tamasha la Land Rover lililofanyika Arusha Oktoba 2024 lilikuwa limewafumbua watu macho: mamia ya magari ya namna hii yalipita mjini kwa msafara, na wakusanyaji wakaanza kuzunguka vijijini wakichungulia mabanda ya kuku. Mmoja alifika Myamba na kutaja bei ambayo sitaiandika, kwa heshima ya waliosikia. Baba mkubwa, mwenye umri wa miaka 78, akasema gari lake haliendi kupambwa. Mwishowe yakafikiwa makubaliano: fundi afungue sanduku la usukani. Likiponeka, gari libaki na lifanye kazi. Lisipoponeka, mnunuzi apigiwe simu.

Mimi ni mwalimu wa historia, nilikuwa likizoni, na vidole vyangu ni vyembamba. Kwa sababu hiyo ya mwisho nilipewa kazi.

Kabla ya spana, niseme kidogo kuhusu kilichomo ndani, maana wengi tunaendesha miaka yote bila kujua. Sanduku la usukani linabadilisha mzunguko wa mkono kuwa msukumo wa kwenda na kurudi. Mwisho wa nguzo ya usukani kuna parafujo nene. Juu ya parafujo hiyo imekaa nati kubwa. Ukizungusha usukani nati inapanda au inashuka, na kupanda na kushuka huko kunageuza shafti inayotoka ubavuni. Land Rover za mwanzo zilikuwa na nati na parafujo zinazosuguana chuma kwa chuma. Baadaye zikaja zenye gololi katikati: vipira vya chuma kigumu vinavyobingirika katika mfereji kati ya parafujo na nati, vikifika mwisho vinaingia kwenye kipitio na kurudi mwanzo, mzunguko usiokoma. Kitengo cha General Motors cha Saginaw, Michigan, ndicho kilichouingiza mfumo huo kwenye magari ya Cadillac mwaka 1940. Kwetu masanduku yalitoka kwa Burman wa Birmingham. Gololi hupunguza msuguano. Mtu mwembamba anaweza kuligeuza gari zito. Sharti ni kwamba gololi zote ziwe za ukubwa mmoja na zikae ndani ya oili.

Kulitoa sanduku garini kulichukua siku nzima. Nati ya pitimani ilikuwa imeota kutu, na mkono wenyewe umekaza kwenye meno ya shafti kama jino la gego. Fundi, kijana wa Gonja aliyejifunza kazi Arusha kwenye gereji za magari ya watalii, aliufunga kivutio, akaupasha moto, akaupiga nyundo pembeni mara moja tu. Ulitoka kwa mlio uliowafanya kuku wakimbie. Nguzo na sanduku havitenganishwi garini. Vinatoka pamoja, kwa hiyo madigadi ikang'olewa. Baba mkubwa alikuwa amekaa kwenye kigoda, blanketi begani kwa sababu ya ukungu, hasemi.

“Shikamoo mzee,” fundi akamwambia alipoliweka sanduku mezani. “Leo tunafungua. Nani alilifungua mara ya mwisho?”

“Marahaba. Mimi,” akasema. “Mimi na marehemu fundi wangu. Mwaka themanini na moja.”

Hapo nikaelewa kwa nini alikuwa amenyamaza tangu asubuhi.

Mwaka 1981 unahitaji maelezo kwa wasomaji waliozaliwa baada ya mitumba ya magari ya Japani. Februari 1977 mpaka wetu na Kenya ulifungwa, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikafa mwaka huohuo, na mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983. Kwa Upare hilo halikuwa jambo la magazetini. Taveta iko jirani, na CMC, wauzaji wa Land Rover, walikuwa na makao yao Nairobi. Mwishoni mwa 1978 ikaja Vita ya Kagera, ambayo gharama yake hukadiriwa kuwa dola za Marekani milioni 500, nayo ikakutana na kupanda kwa bei ya mafuta duniani. Mwalimu Nyerere aliwaomba wananchi wafunge mikanda kwa miezi 18. Mikanda ilifungwa kwa muda mrefu zaidi ya hapo. Fedha za kigeni ziligawiwa kwa vibali; uagizaji wa magari na spea ulikuwa wa mashirika ya umma; magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana ili kuokoa petroli. Mtu wa Myamba aliyehitaji gololi za usukani alikuwa mwisho wa foleni ambayo mwanzo wake haukuonekana.

Kulikuwa na magendo, bila shaka. Spea zilivuka kutoka Taveta usiku ndani ya magunia ya mahindi. Kisha mwaka 1983, wakati wa msako dhidi ya wahujumu uchumi chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine, watu walitupa vitu mtoni au kuvifukia kwa hofu. Baba mkubwa anasema katika migomba ya jirani yake walifukia seti ya breki, na mwenyewe alipokufa hakuna aliyejua ni mgomba upi. Mlango ulianza kufunguliwa katika bajeti ya 1984, pale wananchi wenye fedha zao za kigeni waliporuhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana walizipata wapi. Aliyekuwa Waziri wa Fedha ni Cleopa Msuya, mwana wa Usangi, upande wa kaskazini wa milima hiihii. Wazee wa huku hawachoki kulitaja hilo, kana kwamba alifanya kwa ajili ya gari zao.

Turudi mezani. Fundi alifungua kifuniko cha ubavuni. Badala ya oili, tuliona grisi nyeusi ngumu kama ugali uliolala. Hilo ni la kawaida: sili ikichoka oili inavuja, spea ya sili hakuna, watu wanajaza grisi kwa kuwa grisi haivuji. Lakini grisi ikishasukumwa pembeni hairudi. Gololi zinachimba njia ndani yake, kisha zinatembea kwenye njia kavu.

Tulipofikia kifuniko cha chini, fundi aliinua kitu kwa ncha ya kisu. Kati ya kifuniko na sanduku hukaa shimu, vibati vyembamba vinavyoamua nguzo ya usukani ibanwe kiasi gani. Vikizidi, nguzo inapanda na kushuka. Vikipungua, beringi zinabanwa na kufa. Kulikuwa na shimu 2 za kiwandani na nyingine 3 zilizokatwa kwa mkasi kutoka kopo. Moja ilikuwa bado na rangi nyekundu upande mmoja, na nusu ya herufi.

“Kopo la dawa ya viatu,” baba mkubwa akasema kutoka kwenye kigoda. “Tulijaribu la maziwa kwanza. Lilikuwa nene.”

Fundi alipima kila kimoja kwa kalipa, akaviweka pembeni kwa mpangilio, wala hakusema neno. Kisha akaigeuza nati juu ya sinia la kuokea mikate, nami nikashika tochi. Gololi zilidondoka moja moja, kwa mlio. Aliyekulia Tanzania ya miaka ile anaujua mlio huo: tulicheza gololi hizihizi shuleni, tukiziomba gereji, na gololi ya chuma ilikuwa na thamani ya gololi tano za kioo.

“Mwalimu,” akaniita, “zitenge kwa ukubwa.”

Nilizitenga. Nyingi zilikuwa sawa. 2 zilikuwa ndogo zaidi, tofauti ambayo jicho linaiona ukiziweka sambamba.

Baba mkubwa alikuja hadi mezani sasa, akainama. Akatueleza. Walilifungua sanduku hapohapo chini ya mwembe, juu ya turubai, na gololi 2 zilidondokea vumbini zikapotea. Walichekecha vumbi kwa chekecheke ya unga jioni yote. Kesho yake palikuwa na mgonjwa wa kupeleka Gonja. Wakavunja ekseli ya baiskeli ya Phoenix ya ndugu yao, wakachukua gololi 2 zilizokaribiana kwa ukubwa, wakafunga. Gari likaenda, mgonjwa akafika. Likaendelea kwenda miaka mingine zaidi ya 40.

Nafahamu jinsi hadithi kama hii inavyosimuliwa siku hizi. Mgeni angeandika juu ya ubunifu wa Mwafrika, apige picha kopo la dawa ya viatu, na msomaji afurahi. Mimi hadithi hiyo hainiridhishi, na nadhani sanduku lenyewe linaikataa, kwa sababu vitu viwili vilivyofanywa na mikono ileile siku ileile havikuwa sawa.

Gololi ndogo haibebi mzigo. Ikiwa katika mfereji na wenzake wakubwa, inabingirika tu; wakubwa waliobaki wanabeba sehemu yake. Wakibeba zaidi wanachimba zaidi. Sehemu ya ule mzunguko wa robo ulioegesha gari ilianzia kwa gololi zile za Phoenix, na miaka yote ile abiria walikaa nyuma bila kujua. Hapakuwa na njia nyingine siku ile. Hilo ni kweli. Lakini kukosa njia nyingine hakugeuzi kitu kuwa ufundi.

Shimu za kopo zilikuwa jambo jingine kabisa. Fundi alipojumlisha unene wa zote tano, kisha akaijaribu nguzo kwa vidole, alitikisa kichwa. Nguzo haikupanda wala kushuka, na ilizunguka kwa uzito mdogo ulio sawasawa, kama inavyotakiwa. Beringi za juu na chini, ambazo ndizo hufa kwanza shimu zikikosewa, zilikuwa nzima. Mwaka 1981, bila kalipa, bila kitabu cha kiwanda, watu wawili chini ya mwembe walijaribu kopo la maziwa, wakaliona nene, wakatafuta jembamba, wakakata, wakafunga, wakafungua, wakaongeza. Huo ni upimaji. Walijua walichokuwa wanatafuta na wakakipata.

Fundi alikuja na sanduku la pili, alilolinunua skrepa Arusha kutoka kwa 109 nyingine iliyofanya kazi miaka yote kwenye barabara za lami za tambarare. Tulizilaza parafujo mbili sambamba juu ya gunia. Ya Arusha ilikuwa imelika katikati, shimo linaloonekana kwa macho, na miisho yake inang'aa kama mpya. Ndivyo masanduku mengi yanavyokufa: gari linakwenda mbele moja kwa moja, usukani unacheza palepale katikati, gololi zinachimba palepale. Ukibana skrubu ya juu kuondoa ulegevu wa katikati, usukani unakwama ukikata kona.

Parafujo yetu haikuwa na shimo. Ilikuwa imelika kidogo, sawasawa, kutoka mwisho hadi mwisho.

“Hii haijawahi kunyooka,” fundi akasema.

Kweli. Mlima wetu ulikuwa umeisambaza kazi. Miaka 50 ya kukata kulia na kushoto kwenye barabara ya msaragambo iliifanya parafujo ilike kote kwa kiasi, na kitu kilicholika sawasawa kinaweza kurekebishwa. Parafujo ya Arusha, iliyotembea kwenye barabara nzuri, ilikuwa chuma chakavu. Nilikaa na jambo hilo kwa muda. Nimefundisha kwa miaka mingi kwamba upande wa mashariki ulinyimwa reli na lami, na nitaendelea kufundisha hivyo kwa kuwa ni kweli. Wajawazito waliojifungulia ndani ya gari wanalijua. Lakini hii hapa parafujo, nayo ina maelezo yake.

Basi tukajenga sanduku moja kutoka mawili. Parafujo na nati zetu zilibaki, kwa sababu hizo mbili huzoeana na hazipendi kutenganishwa. Shafti ya ubavuni na kifuniko chake vilitoka kwenye lile la Arusha. Bushi ya shaba ilichongwa upya na fundi kerezo Same. Sili mpya na gololi mpya, seti kamili, zilitoka duka la spea za Land Rover Arusha ndani ya mfuko mdogo wa plastiki, zilizosafiri kutoka Uingereza kwa bei ya mbuzi wawili. Kuzipanga ilikuwa kazi yangu: unapaka grisi kidogo kwenye mfereji wa nati ili gololi zinate, unaziweka moja moja kwa kidole, unahesabu kwa sauti, halafu unaiingiza parafujo polepole ukiomba isiisukume yoyote. Nilirudia mara tatu. Safari hii turubai lilitandikwa juu ya turubai jingine.

Shimu ndizo zilizoleta mabishano. Seti mpya ilikuwepo ndani ya mfuko uleule. Binamu yangu mkubwa, ambaye simu ya mnunuzi ilikuwa mfukoni mwake, akasema ziwekwe za kiwandani, za kopo zitupwe. Fundi alijaribu za kiwandani. Kwa mpangilio mmoja nguzo ilicheza. Kwa mwingine ilibana. Hakupata unene wa katikati. Akarudisha zile 5 za zamani, pamoja na yenye nusu ya herufi, akakaza bolti, akazungusha nguzo kwa vidole viwili.

“Mzee, hizi zinabaki,” akasema. “Zile gololi ndizo zinazoondoka.”

Baba mkubwa alikubali kwa kichwa mara mbili, mara moja kwa kila hukumu, na kurudi kwenye kigoda chake. Mke wake akaleta makande.

Rilei tuliiacha kwa siku ya pili, kwa sababu ndani yake kuna springi iliyobanwa kwa nguvu ambayo ikiruka inaweza kuvunja taya, na fundi hakutaka kuifungua mchana umekwisha. Ndani kulikuwa kukavu kabisa. Ina bolti mbili juu za kujazia oili, na sidhani kama kuna aliyezigusa tangu enzi za mkonge. Aliifunga springi kwa bendi za chuma, akaitoa, akaisafisha, akabadilisha bushi, akajaza. Viungo 6 vyote vikawekwa vipya bila mjadala. Sanduku likarudi mahali pake, likajazwa oili nzito ya gia hadi kwenye tundu, magurudumu yakanyooshwa, skrubu ya juu ikakazwa kidogo kidogo hadi ulegevu ukaisha, nati yake ikafungwa. Binamu aliushika usukani na kuutikisa kama anayegombana nao. Ulegevu uliobaki ulikuwa chini ya upana wa kidole, nao kwa gari hili ni halali. Akatoa simu mfukoni, akaiangalia, akairudisha.

Jumatatu gari lilishuka na magunia 14 ya tangawizi. Fundi aliendesha, baba mkubwa pembeni, mimi nyuma juu ya magunia nikitazama migomba inavyopita chini. Kona ya tatu kutoka juu ndiyo mbaya zaidi. Udongo wake hutoka kila masika, na watu wa huku wana sababu ya kuuogopa udongo, kwa kuwa Novemba 2009 maporomoko ya Goha, kule Mamba Miamba, yaliua watu wengi. Gari liliikata kona hiyo mara moja, bila kurudi nyuma kujipanga. Sikusikia mtu akisema kitu huko mbele.

Wakati wa kupanda, magunia yakiwa yameuzwa, baba mkubwa aliomba aendeshe yeye. Fundi akasita, kisha akashuka na kuzunguka. Tulipofika juu nilimuuliza mzee anauonaje.

“Mzito, mama,” akasema. “Umekuwa mzito.”

“Subiri wiki mbili,” fundi akamwambia. “Gololi mpya zinajitafutia njia. Nikirudi tutaangalia oili, tukilegeza tunalegeza kidogo.”

Alirudi baada ya wiki tatu, kwa sababu ya mvua. Oili haikuwa imepungua. Hakulegeza kitu.